Pampu ya kupigia dawa maua ya sebuleni

SWALI: Mwalimu, habari za kazi? Naishi Kisumu, ghorofa ya 3, na nina maua 14 sebuleni. Tangu mvua ikatike, krotoni zangu mbili na mtende wa kwenye kona vimepauka, majani yana vitone vya manjano, na kwa chini kuna utando kama wa buibui. Muuzaji wa agroveti aliangalia jani akasema ni utitiri, akaniuzia dawa, na akaniambia nichukue pampu ya lita 16 ambayo itanifaa hata shambani. Jirani yangu analima mahindi na yuko tayari kuniazima yake. Shemeji anasema nisipoteze pesa, chupa ya saluni inatosha. Mwenzangu kazini anazisifu zile za betri. Nina mtoto wa miaka 3, paka, na tangi la samaki. Ninunue ipi?

JIBU: Dada, nunua pampu ndogo ya mkono ya lita 2, ile yenye kishikio cha kusukuma juu na kibofyo cha kidole gumba, na nozeli yake (kichwa cha kutolea maji) iwe inageuka kutazama juu. Ya jirani usiiguse. Chupa ya shemeji itakufaa ukiwa na maua mawili au matatu. Ya betri ina mtu wake, nitakwambia ni nani. Jibu lenyewe ni hilo, lakini sababu zake ndizo zitakazokusaidia ukisimama mbele ya rafu na kila pampu inang'aa sawa na mwenzake.

Tuanze na huyo mgeni wako. Utitiri una miguu 8, ni wa ukoo mmoja na buibui na kupe, na urefu wake ni kama nusu milimita. Ukitaka kuhakikisha, weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge kwa kidole mara mbili, kisha subiri kidogo. Vumbi lililoanguka likianza kutembea, umeshampata. Mfinye kwa kidole na karatasi itabaki na mchirizi wa rangi ya kutu. Sehemu kubwa ya maisha yake ni upande wa chini wa jani. Huko ndiko anakofyonza, anakotaga, na anakofuma huo utando. Kwa joto la Kisumu, ambalo mchana hugusa nyuzi 30, yai huwa utitiri mzima unaotaga kwa muda wa wiki moja hivi. Mimi niko Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku humchelewesha. Huko kwenu hapumziki.

Sasa, dawa nyingi za kutumia ndani ya nyumba, kama sabuni na mafuta ya mwarobaini, huua kwa kugusa. Tone lisipomfikia, amepona. Nimeona watu wakiogesha majani kwa juu hadi yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi, halafu siku ya tatu wanarudi wakisema wameuziwa dawa feki. Wamempigia mwizi darini, naye amejificha chini ya kitanda.

Kwa hiyo unapochagua pampu, jiulize kwanza kama itapeleka maji chini ya jani. Jambo hili unaweza kulipima nyumbani kabla ya kugusa dawa yoyote. Chukua kipande cha karatasi nyeupe, kibane upande wa chini wa jani kwa kibanio cha nguo, tia wino kidogo wa bluu kwenye maji, kisha piga kama kawaida yako. Kitoe ukiangalie. Karatasi ikiwa na madoa mengi madogo yaliyokaribiana, uko sawa. Ikiwa kavu, au ina doa moja kubwa linalochuruzika, badilisha nozeli, umbali au mkono wako. Nimewafanyia jaribio hili wakulima waliopiga dawa miaka 20, na wengi wao walinyamaza walipoona karatasi.

Hesabu ya chupa ya saluni ni hii. Ukiibana mara moja hutoa kama mililita 1 ya maji. Ua la wastani, lenye urefu wa kutoka sakafuni hadi gotini, linataka mililita 50 hadi 100 ili lilowe pande zote mbili. Maua yako 14 yatakula mililita 700 hadi 1,400, yaani hadi karibu lita moja na nusu. Maana yake ni kubana mara 700 hadi 1,400, kwa mkono uliokunjwa, ukiwa umeinama. Ukifika ua la sita utaanza kudanganya, na mimi pia ningedanganya. Shida ya pili ni kwamba ukiinamisha chupa ili ipige kwenda juu, mrija wa ndani huachana na maji na kuvuta hewa. Unasikia tu "fsss". Kama ni lazima uitumie, usiiinamishe chupa. Laza ua. Funika udongo kwa mfuko wa plastiki ili usimwagike, laza chungu ubavu, na majani yatakuonyesha tumbo yenyewe. Mbinu hii inafaa kwa pampu yoyote ile.

Pampu ya lita 16 ni kinyume chake. Imetengenezwa kubebwa mgongoni na kufunika mistari ya nyanya. Ikijaa, maji peke yake ni kilo 16. Ukiitilia lita moja na nusu tu, kiasi fulani hubaki kwenye sakafu ya tangi na ndani ya mpira bila kufika kwenye nozeli, na hicho kinachobaki ni dawa utakayotafuta mahali pa kuimwaga. Nozeli zake nyingi humwaga kwa kasi isiyofaa sebuleni. Zulia litalowa kabla ya mtende. Muuzaji alikushauri uchukue anachouza kila siku, simlaumu sana.

Lakini hatari kubwa iko kwenye ile ya jirani. Nitakusimulia. Mwaka mmoja, nikiwa bado afisa wa kilimo wa nyanjani, niliazima pampu kwa rafiki ili nipige sabuni kwenye miche yangu ya nyanya na maua machache ya mke wangu barazani. Niliisuuza kwa maji mara moja, nikaona imetakata. Baada ya siku nne majani mapya yalianza kujikunja kama vidole vya mtu mwenye ganzi, mashina yakapinda, na nyanya zote zikafa. Rafiki yangu alikuwa ameitumia kupigia mahindi dawa ya magugu, 2,4-D, ile inayoua magugu ya majani mapana na kuacha mahindi. Na nyanya, krotoni na maua yako mengi yana majani mapana. Dawa hiyo hujificha kwenye mipira na mirija, na kiasi kidogo mno kinatosha kuharibu. Mke wangu hadi leo akiniona na pampu huuliza, "Hiyo ni ya nani?" Jirani yako analima mahindi, umesema. Basi.

Ndiyo maana nasema nunua yako, hata kama ni ya bei ya chini, na siku utakayoinunua andika juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika: MAUA TU. Ukipata shamba baadaye, nunua nyingine kwa ajili ya magugu.

Tuje kwenye pampu ya lita 2. Inafanya kazi kwa hewa. Unasukuma kishikio mara 15 hadi 30, hewa inabanwa juu ya maji, kisha ukibofya maji yanatoka mfululizo bila wewe kuchoka. Kosa linalofanywa na karibu kila mtu ni kuijaza hadi shingoni. Ikijaa hivyo, hewa haina pa kukaa, utasukuma hadi jasho na itatoa mate mawili matatu tu. Ijaze hadi alama ya mwisho iliyochorwa ubavuni, na kama haina alama, iache theluthi moja tupu. Kadiri presha inavyoshuka ndivyo matone yanavyokuwa makubwa, kwa hiyo isukume tena kabla haijaanza kutema.

Dukani, iwe Oginga Odinga Street au Kibuye siku ya Jumapili, usilipe kabla ya kuijaribu kwa maji. Muuzaji akikataa kukupa maji, amekujibu tayari. Isukume, iache imesimama kwa dakika tano, kisha pitisha kidole kwenye shingo na kwenye kibofyo. Kukiwa na unyevu, mpira wa kuzibia haujakaa vizuri, na kitakachovuja kesho hakitakuwa maji. Tafuta kijibonye au pete ya kutolea hewa, kwa kawaida iko ubavuni mwa kishikio. Hiyo ni valvu ya usalama. Presha ikizidi inajifungua yenyewe, na wewe unaitumia kutoa hewa yote kabla ya kufungua mfuniko. Pampu isiyo na valvu hiyo iache hapohapo, maana ukiifungua ikiwa na presha dawa inakurukia usoni.

Geuza nozeli. Iwe inatoa ukungu wa umbo la faneli ukiifungua kidogo, na mshale wa maji ukiifungua sana. Huo mshale sahau, unavunja majani na kurusha utitiri kwenye ua la jirani yake. Nozeli ya shaba hudumu kuliko ya plastiki, ingawa ya plastiki iliyotengenezwa vizuri si mbaya. Ninachong'ang'ania ni shingo yake igeuke, kwa sababu ikitazama juu unaipenyeza chini ya jani huku tangi limesimama wima na mrija wa ndani bado uko majini. Usipoipata ya namna hiyo, tafuta ya lita 5 yenye mpira na fimbo ndefu, uiweke sakafuni na utembee na fimbo tu. Ni kubwa kwa maua 14, lakini inafika.

Uliza pia kuhusu mipira ya kuzibia. Mafuta hulainisha na kuvimbisha mipira ya kawaida, na ukitumia mafuta ya mwarobaini mara kwa mara, baada ya miezi kadhaa kishikio kitaanza kukwama au kuvuja. Pampu bora huandikwa Viton kwenye boksi, yaani aina ya mpira unaostahimili mafuta. Kama yako haikuandikwa hivyo, si mwisho wa dunia. Ioshe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni baada ya kila matumizi, na uulize kama mipira ya akiba inauzwa peke yake. Duka lenye mipira ya akiba ni afadhali kuliko duka lenye pampu za kupendeza.

Kuhusu ukungu: watu hudhani kadiri unavyokuwa mwembamba ndivyo ulivyo bora. Kuna ukweli, kwa sababu tone moja ukipunguza kipenyo chake kwa nusu unapata matone 8 kwa maji yaleyale, na matone mengi yanagusa wengi. Lakini yakishuka chini ya mikroni 100, ambayo ni sehemu moja ya kumi ya milimita, yanaanza kuelea. Ukiona ukungu umening'inia kwenye mwanga wa dirisha kama moshi wa jiko, unauvuta wewe, mtoto wako anauvuta, na majani yanabaki makavu. Kaza au legeza nozeli hadi uone matone yakitua. Hapo ndipo pampu nyingi za betri zinaponikera, maana nyingi hutoa ukungu wa namna ya manukato. Mtu wake ni yule mwenye ugonjwa wa viungo asiyeweza kusukuma wala kubana. Kama ni wewe, ichukue, ila uijaribu kwa ile karatasi ya wino.

Ndani ya pampu utie nini? Anza na maji matupu. Sitanii. Peleka krotoni bafuni, funika udongo, uzioshe chini ya majani kwa shawa au kwa kitambaa laini chenye maji. Wengi wataondoka na maji hayo pamoja na utando wao. Siku hiyohiyo jioni, au kesho yake asubuhi, piga sabuni: mililita 10 za sabuni ya maji kwa lita 1 ya maji, yaani vijiko viwili vidogo. Iwe sabuni isiyo na manukato wala dawa ya bakteria. Sabuni ya unga ya kufulia usiitumie, inachoma majani. Afadhali zaidi ni sabuni iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea, ukiipata agroveti, na hapo fuata kipimo cha kibandiko. Maji ya mvua yanakubaliana na sabuni kuliko maji ya kisima yenye chumvichumvi, ambayo huigandisha kuwa uchafu mweupe unaoziba nozeli. Jaribu jani moja kwanza, usubiri hadi kesho yake, hasa kama una kangaga (fern) au mmea wowote wenye majani laini.

Mafuta ya mwarobaini ni mililita 5 kwa lita 1, yakichanganywa kwanza na sabuni matone kadhaa kwenye maji ya vuguvugu, la sivyo yataelea juu na pampu itatoa maji matupu hadi mwisho ndipo iteme mafuta. Tikisa kila mara. Huku kwetu Nakuru asubuhi ya Julai mafuta hayo huganda kwenye chupa kama samli, na nimefungua nozeli nyingi zilizozibwa namna hiyo. Nyinyi wa Kisumu hamna shida hiyo, mshukuru joto lenu. Changanya kiasi cha siku hiyo tu. Mchanganyiko uliolala hauna nguvu.

Hiyo dawa uliyouziwa sijui jina lake, kwa hiyo angalia mambo matatu kabla ya kuifungua. Iwe kwenye chombo chake cha asili chenye nambari ya usajili ya PCPB, ile bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu. Ikiwa imepimwa kwenye chupa ya soda, irudishe leo, nyumba yenye mtoto wa miaka 3 haiweki kitu kama hicho hata usiku mmoja. Kibandiko kitaje utitiri, kwa kuwa dawa nyingi za wadudu hazimwui, na baadhi huua wadudu wanaomla yeye na kumwachia uwanja. Na kiruhusu matumizi ndani ya nyumba. Ikikosa moja kati ya hayo matatu, isiingie sebuleni.

Watu wa kwetu watakwambia utumie pareto, zao la kujivunia la Nakuru. Pareto ni nzuri kwa vidukari na inzi weupe, lakini kwa utitiri haina makali, na kwa samaki ni sumu kali. Wewe una tangi. Zile dawa za kutengenezwa zinazofanana na pareto, hasa permethrin, zinaweza kumwua paka. Kwa nyumba yako ningebaki na maji na sabuni hadi zishindwe kabisa.

Kipimo nacho kina mtego. Vibandiko vya dawa za shambani hupimwa kwa pampu ya lita 20. Ikisema mililita 20 kwa lita 20, kwako ni mililita 1 kwa lita, na kwa lita moja na nusu ni mililita moja na nusu. Kifuniko cha chupa hakipimi hivyo. Nunua sindano ya mililita 5 bila ncha kwenye duka la dawa, iandike alama, na uitunze pamoja na pampu, mbali kabisa na dawa za mtoto.

Pigia nje, kwenye roshani, mapema asubuhi kabla jua halijapanda na kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma. Ua lisilotoka, kama huo mtende mzito, lipigie mahali lilipo, madirisha yakiwa wazi, mtoto na paka wakiwa chumba kingine. Hata ikiwa ni sabuni, funika tangi la samaki na uzime ile mashine ya hewa kwa muda huo, kwa maana inavuta ukungu moja kwa moja hadi majini. Rudia kila baada ya siku 5, mara 3. Sabuni haiui mayai, na hao watakaoanguliwa baada ya raundi ya kwanza ndio unaowasubiri.

Ukimaliza, toa hewa kwa valvu, fungua, suuza mara tatu, na kila mara pitisha maji hadi kwenye nozeli. Ikiziba, tumia mswaki wa zamani. Usiipulize kwa mdomo wala kuichokoa kwa sindano, maana tundu likipanuka kidogo tu ule ukungu haurudi tena. Isimamishe kichwa chini ikauke. Maji ya sabuni yaliyobaki hayana neno. Ya dawa yasiende kwenye sinki, mitaro ya Kisumu inajua njia ya ziwani. Changanya kidogo kidogo ili yasibaki.

Na usinunue pampu kwa sababu ya kila kinachotambaa. Wale weupe kama pamba kwenye vifundo vya shina wana nta mwilini, maji yanawateleza. Wapanguse mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti. Vijinzi vyeusi vinavyoruka juu ya udongo vinatoka kwenye udongo unaomwagilia kupita kiasi, na hapo dawa yake ni kupumzisha jagi.

Siku 5 baada ya raundi ya tatu, rudia ile karatasi nyeupe chini ya jani la krotoni. Bado wakitembea, niandikie tena, na uniambie kibandiko cha dawa yako kimesema nini, neno kwa neno.